Sura ya Sita: Nyota Zizaliwazo Ukingoni

Chukua ungo uliotoka kupepetewa mchele, uweke mezani, uutazame. Katikati kumejaa punje. Ukielekea ukingoni punje zinapungua, na kwenye duara la mwisho kumebaki pumba chache zilizonasa kwenye mshono. Kwa miaka mingi wanafalaki waliziona galaksi za mviringo hivyo hivyo. Katikati nyota zimesongamana, kisha inafuata mikono iliyopinda yenye nyota za buluu na mawingu mekundu ya gesi, halafu mwanga unakatika. Huko nje, walisema, ipo gesi baridi iliyotandaa, nyembamba mno, na gesi nyembamba haizai nyota. Vitabu viliandika hivyo, na wanafunzi wakafundishwa hivyo.

Nimeiandika sura hii kwa sababu ukingo ule ulisingiziwa. Haukuwa tasa. Tulikuwa tukiutazama kwa mwanga usiofaa, na tukaupima kwa kipimo cha wastani pale ambapo wastani hauna ukweli wa kutueleza.

Shahidi wangu ni galaksi iitwayo M83. Iko katika kundinyota la Shuja, lile joka refu la majini ambalo Wazungu huliita Hydra, umbali wa takriban miaka milioni 15 ya nuru kutoka kwetu. Nuru unayoiona ukiitazama leo ilianza safari kabla binadamu hajakanyaga ardhi hii. Na aliyeiandika kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama katika bara la Afrika. Mwaka 1752 Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, akiorodhesha nyota za anga la kusini ambazo Ulaya ilikuwa haizijui vizuri. Chombo chake kilikuwa darubini ndogo yenye lenzi ya nusu inchi, kiasi cha kitufe cha shati. Kwa kitufe hicho aliorodhesha karibu nyota 10,000, na katikati ya kazi hiyo akakutana na kijiwingu kilichokataa kuwa nyota kila alipokitazama. Hicho ndicho M83. Charles Messier alikiingiza katika orodha yake mashuhuri mwaka 1781, na namba 83 imetoka huko.

Tuna bahati na galaksi hii. Imetugeuzia uso wake karibu wote, kama sahani iliyotundikwa ukutani, kwa hiyo tunaiona kitovu, mikono na pembezoni bila kitu kufunika kingine. Katikati yake pana shughuli nyingi. Katika karne ya 20 pekee zilionekana humo nyota sita zikilipuka na kufa. Mojawapo, ile ya mwaka 1968, iligunduliwa na Jack Bennett, mwanafalaki wa kujitolea wa Afrika Kusini, aliyeiona kwa jicho lake mwenyewe kwenye darubini bila msaada wa picha. Kwa muda mrefu kila aliyeitazama M83 alivutwa na kitovu chake chenye vurugu. Nani angehangaika na giza la pembeni?

Ili uelewe kosa lilivyoanza, lazima kwanza ujue wanafalaki wanazitambuaje nyota changa katika galaksi ya mbali, mahali ambapo nyota moja moja hazionekani. Njia ya zamani ni kutafuta wekundu. Nyota kubwa kabisa, zenye uzito unaozidi wa Jua mara 15 au 20, huwa na joto la zaidi ya digrii 30,000 usoni. Mionzi yake ni mikali kiasi cha kuzipasua atomu za hidrojeni zilizo jirani. Elektroni inang'oka, baadaye inarudi mahali pake, na katika kurudi huko inatoa mwanga mwekundu wa aina moja mahususi. Ukiona kiraka chekundu kwenye mkono wa galaksi, jua kwamba ndani yake kuna nyota kubwa iliyozaliwa karibuni. Lazima iwe ya karibuni, kwa sababu majitu hayo hayana umri. Yanakula kuni zao kwa pupa na kuisha ndani ya miaka milioni chache, ilhali Jua letu limeshawaka kwa miaka bilioni 4.6 na bado limo katikati ya maisha yake.

Kwa kipimo hicho cha wekundu, galaksi nyingi zilionyesha ukingo uliokatwa kama kwa kisu. Mwaka 1989 Robert Kennicutt, Mmarekani, alichapisha makala ambayo imekuwa msingi wa somo hili. Alilinganisha mahali wekundu unapokoma na wingi wa gesi mahali hapo, akaona kwamba gesi ikipungua chini ya kiwango fulani, kuzaliwa kwa nyota kunakoma. Hesabu aliyoitumia ilikuwa imetungwa na Alar Toomre mwaka 1964. Inahusu ugomvi wa pande tatu. Uvutano unataka kuikusanya gesi iwe bonge. Joto la gesi na misukosuko yake vinataka kuitawanya. Mzunguko wa galaksi nao unaivuta na kuinyoosha, kwa sababu gesi ya ndani inamaliza duara lake mapema kuliko ile ya nje. Gesi ikiwa nyingi, uvutano unashinda na bonge linajikunja. Ikiwa chache, wale wawili wengine wanashinda na bonge halipati nafasi ya kuanza.

Aliyewahi kuwasha jiko la mkaa ataielewa kanuni hii bila hesabu. Makaa kumi yakikaa pamoja yanaambukizana moto. Yatenganishe, kila kaa pembe yake, na yatazimika moja baada ya jingine ingawa kila moja lilikuwa na moto wake. Mfano huu una mipaka yake, maana katika nyota kinachoanza kazi ni uvutano na moto huja mwisho, lakini umuhimu wa kusongamana ni ule ule.

Hesabu ilikuwa nzuri, na bado ni nzuri. Tatizo lilikuwa kwamba watu waliisoma kama amri: ng'ambo ya ukingo hakuzaliwi kitu. Dalili za kinyume zilianza mwaka 1998, Annette Ferguson na wenzake walipotafuta kwa subira pembezoni mwa galaksi tatu na kukuta viraka vyekundu vidogo vidogo mbali sana nje ya ukingo uliodhaniwa. Vilikuwa vichache na hafifu. Ingekuwa rahisi kuvifanya visa vya kipekee na kuendelea na safari.

Halafu ikaja GALEX.

Tarehe 28 Aprili 2003 ndege iliruka kutoka Florida ikiwa imebeba roketi tumboni. Juu ya Bahari ya Atlantiki ikaiachia, roketi ikawaka, ikaipeleka angani setilaiti ndogo yenye darubini ya kioo cha sentimita 50. Mpango ulikuwa ifanye kazi miezi 29. Ilifanya kazi miaka kumi, hadi ilipozimwa Juni 2013. Kazi yake ilikuwa moja: kutazama mbingu kwa miale ya urujuanimno, ile miale iliyo ng'ambo ya rangi ya zambarau ambayo jicho letu haliioni. Kazi hiyo haifanyiki ukiwa ardhini. Hewa yetu, hasa tabaka la ozoni, huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo, na ni jambo la kushukuru, kwa sababu ingetuunguza. Mwanafalaki anayeitaka hana budi kutoka nje ya hewa.

Darubini hiyo ilipoelekezwa M83, picha iliyorudi iliwaduwaza walioipokea. Sehemu yenye nyota nyingi ya galaksi hiyo, ile iliyopigwa picha maelfu ya mara, ina upana wa takriban miaka 40,000 ya nuru. Sasa nje yake, pande zote, lilionekana giza lililonyunyiziwa chembe za buluu. Hazikutawanyika ovyo. Zilijipanga kwenye nyuzi ndefu zilizopinda, kama mikono ya galaksi iliyoendelea kunyooka kimyakimya ng'ambo ya mahali ambapo kila mtu aliamini imekatika. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2005 na kundi la David Thilker. Mwaka 2008, baada ya GALEX kuitazama galaksi hiyo kwa muda mrefu zaidi, NASA ilitangaza kwamba mafungu ya nyota changa yalionekana hadi karibu miaka 140,000 ya nuru kutoka katikati.

Kwa nini urujuanimno uone ambacho wekundu ulikikosa? Jibu liko kwenye umri. Wekundu unahitaji majitu, na majitu yanakufa haraka. Fikiria fungu dogo la nyota huko ukingoni, lenye uzito wa Jua mara elfu moja hivi. Fungu dogo namna hiyo huenda likapata jitu moja tu, au lisipate kabisa, kwa sababu majitu ni nadra kila mahali. Hata likilipata, wekundu wake utaonekana kwa miaka milioni chache na kutoweka. Lakini nyota za wastani-kubwa, zenye uzito wa Jua mara tano au kumi, hazina nguvu ya kutosha kuipasua hidrojeni kwa wingi, ila zenyewe zinang'aa sana kwa urujuanimno, na zingine zitaendelea hivyo kwa miaka hadi milioni 100. Anayetafuta wekundu ni kama mgeni anayepita kijijini dakika moja, akiamua kuna watoto au hakuna kwa kusikiliza kilio cha mtoto mchanga. Anayetazama urujuanimno anahesabu nguo ndogo zilizoanikwa kwenye kamba.

Kwa muda kulikuwa na hofu ya jambo zito zaidi. Baadhi walisema labda ukingoni nyota zinazaliwa kwa kanuni nyingine, kanuni isiyotoa majitu kabisa. Kama ingekuwa kweli, vipimo vingi vya falaki vingeyumba, maana tunapokadiria galaksi inazaa nyota ngapi kwa mwaka tunachukulia kwamba uwiano wa nyota kubwa na ndogo haubadiliki toka mahali hadi mahali. Mwaka 2012 Jin Koda na wenzake walitumia darubini ya Kijapani ya Subaru, yenye kioo cha mita 8.2 huko Hawaii, wakayapima upya mafungu ya ukingoni mwa M83. Uwiano waliouona ulilingana na wa kawaida. Majitu yapo, ila mafungu ni madogo, na katika mafungu madogo kupata jitu ni suala la bahati.

Nyota haitoki hewani. Lazima pawe na gesi ya kuifinyanga, na kuhusu gesi hiyo habari zilikuwepo siku nyingi. Mwaka 1944, katikati ya vita, Mholanzi Hendrik van de Hulst alikokotoa kwamba atomu ya hidrojeni baridi inapaswa kutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21. Wamarekani Ewen na Purcell walilinasa mwaka 1951. Tangu hapo, kwa antena za redio, tunaweza kuiona hidrojeni isiyo na mwanga wowote. Mwaka 1974 wataalamu walipoichora gesi ya M83 kwa njia hiyo walikuta sehemu kubwa ya hidrojeni yake iko nje ya galaksi inayoonekana kwa jicho. Na hilo sinia la gesi halikuwa bapa. Ukingo wake umepinda, upande mmoja umenyanyuka na mwingine umeinama, mfano wa ungo ulioachwa kwenye mvua ukakaushwa na jua.

Picha ya GALEX ilipowekwa juu ya ramani ya redio, mafungu ya nyota changa yalikaa kwenye nyuzi za gesi. Pale gesi ilipozidi kidogo, nyota zilikuwapo. Ilipopungua, hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo wastani ulipotudanganya. Ukigawa gesi yote ya ukingoni kwa eneo lake lote, utapata kiwango kilicho chini ya mpaka wa Toomre na Kennicutt, na utahitimisha kwamba nyota haziwezi kuzaliwa. Lakini hebu toka nje asubuhi baada ya manyunyu. Ukiyapima maji yaliyoanguka shambani utaambiwa ni milimita mbili, mvua isiyo na maana. Kisha inama utazame alama ya kwato ya ng'ombe kwenye udongo. Mle ndani kumekaa maji yanayotosha kumnywesha njiwa. Ukingo wa galaksi umejaa alama za kwato. Mawimbi ya mikono ya ndani yanasambaa hadi kwenye gesi ya nje na kuisukuma pamoja hapa na pale. Galaksi jirani ikipita inaivuta na kuikunja. Gesi mpya ikidondoka kutoka nje inagonga iliyopo. Mahali padogo panavuka mpaka, ingawa eneo zima halijauvuka.

Mahali hapo padogo kuna kazi ya kufanywa, na kazi ya kwanza ni kupoa. Watu wengi hudhani nyota huanza kwa moto. Nyota huanza kwa baridi. Gesi yenye joto inasukuma nje na kuushinda uvutano, kwa hiyo bonge la gesi haliwezi kujikunja mpaka lipoteze joto lake, lifike karibu digrii 260 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo atomu za hidrojeni zinaungana mbilimbili kuwa molekuli. Na hapa kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika sura hii: atomu hizo haziungani kirahisi zikiwa zinaelea peke yake. Zinahitaji mahali pa kukutania, na mahali hapo ni chembe ya vumbi. Atomu moja inatua juu ya chembe, inateleza, inakutana na nyingine, zinashikana, zinaruka zikiwa molekuli. Umande nao unafanya hivyo hivyo, unasubiri jani la kutulia. Vumbi hilo limetoka kwenye nyota zilizokufa zamani. Bila vumbi la wafu, hidrojeni inachelewa sana kuungana, na wingu linachelewa kupoa.

Ukingoni vumbi ni kidogo. Wingu likiwa na vumbi kidogo linakosa pia paa, kwa sababu vumbi ndilo linalozuia miale ya urujuanimno isipenye na kuzivunja molekuli. Hii ndiyo sababu wengi waliendelea kutilia shaka hata baada ya picha za GALEX. Nyota changa zilionekana, gesi ya atomu ilionekana, lakini kiungo cha katikati, yaani wingu la molekuli ambamo nyota hutungwa, hakikupatikana. Hidrojeni ya molekuli ikiwa baridi haitoi mwanga, kwa hiyo wanafalaki huitafuta kupitia mwenzake, kaboni monoksidi, gesi ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Angani gesi hiyo ni rafiki yetu, maana inatoa mawimbi ya redio yanayosema wingu liko wapi na lina uzito gani. Walipoitafuta ukingoni mwa M83 walirudi karibu mikono mitupu, mara kwa mara, kwa zaidi ya miaka kumi. Ilikuwa kama kukuta vichanga kumi nyumbani bila kumwona mama hata mmoja.

Mama alipatikana mwaka 2022. Koda na wenzake waliielekeza ALMA, mtandao wa antena 66 uliojengwa kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye kipande kimoja cha ukingo huo. Hawakuitafuta kaboni monoksidi kwa wimbi lililozoeleka. Walichagua wimbi linalotolewa na sehemu nzito na zenye joto kidogo za wingu, na wakayakuta mawingu 23 ya molekuli. Maelezo yao yananiridhisha: mawingu yapo na yanafanana na yale ya jirani yetu, yale ya kundinyota la Jabari ambako nyota zinazaliwa hivi sasa. Tofauti iko kwenye koti. Huku kwetu wingu lina koti nene la kaboni monoksidi linaloonekana kutoka mbali. Kule, kwa uhaba wa vumbi, miale ya urujuanimno imelivua koti hilo, na kilichobaki cha kuonekana ni moyo peke yake. Moyo ni mdogo, kwa hiyo darubini za awali hazikuweza kuupambanua.

Basi nyota za ukingoni zinazaliwa kama za katikati. Kinachotofautiana ni mwendo, na tofauti yake ni kubwa kweli. Katika sehemu za ndani za galaksi za mviringo, gesi ya molekuli ikiendelea kutumiwa kwa kasi ya sasa bila kuongezwa itakwisha baada ya miaka bilioni 2 hivi. Frank Bigiel na wenzake walipofanya hesabu hiyo mwaka 2010 kwa hidrojeni ya ukingo wa M83 walipata takriban miaka bilioni 100. Ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8. Ukingo una gesi nyingi kuliko utakavyoweza kuitumia. Gesi inakaa, inasubiri, na sehemu yake ndogo sana ndiyo inayogeuka nyota. Wengine wanauita uvivu. Mimi naona ni ghala. Kitovu kinachomaliza gesi yake ndani ya miaka bilioni 2 hakiwezi kuendelea kuzaa bila kuletewa nyingine, na gesi ya pembezoni ikisogea ndani polepole inaweza kukilisha.

Lakini huenda safari si ya kuingia tu. Fabio Bresolin na wenzake walipima oksijeni kwenye viraka vyekundu vya ukingoni mwa M83 kwa darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Oksijeni hupikwa ndani ya nyota kubwa na kumwagwa zinapolipuka, kwa hiyo wingi wake ni kama daftari la vizazi vilivyopita. Ulitarajia ipungue kadiri unavyokwenda nje. Inapungua hadi kufikia ukingo, kisha inaacha kupungua. Inabaki kwenye kiwango kisichofika nusu ya kile cha Jua, umbali mrefu sana. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kama ukingo unatumia gesi yake kwa mwendo wa miaka bilioni 100, basi tangu ulimwengu uanze umeshaigeuza nyota sehemu ndogo tu, na nyota chache namna hiyo hazitoshi kupika oksijeni yote ile. Imetoka kwingine. Ama imechanganywa kutoka ndani, ama imerushwa nje na milipuko ya katikati ikaanguka tena ukingoni, ama imeletwa na galaksi nyingine iliyogusana na M83. Mjadala uko wazi, na mimi naelemea upande wa mchanganyiko kutoka ndani, kwa kuwa kitovu chenye milipuko mingi namna ile hakiwezi kukaa na chake peke yake.

M83 si ajabu ya peke yake. Mwaka 2007 Thilker na wenzake walipitia galaksi zaidi ya mia moja za jirani zilizotazamwa na GALEX, na karibu asilimia 30 ya zile za mviringo zilikuwa na dalili za ukingo unaong'aa kwa urujuanimno.

Galaksi yetu pia ina ukingo, na huko tunaweza kuona kwa karibu zaidi. Sisi tuko takriban miaka 26,000 ya nuru kutoka katikati ya Njia Nyeupe. Mwaka 1994 Seth Digel na wenzake walitangaza mawingu ya molekuli yaliyo mbali sana kuliko yaliyojulikana, nayo yakapewa jina lake. Yako zaidi ya miaka 58,000 ya nuru kutoka katikati. Oksijeni na vitu vingine vizito ni haba huko, kiasi kwamba wataalamu huyatumia mawingu hayo kama dirisha la kuchungulia galaksi yetu ilivyokuwa ujanani. Septemba 2024 ilitolewa picha ya mojawapo iliyopigwa na darubini ya anga ya James Webb, katika utafiti ulioongozwa na Natsuko Izumi wa Japani. Ndani ya wingu hilo, liitwalo Digel 2S, kuna fungu la nyota changa, na kutoka kwenye nyota hizo inafyatuka michirizi ya gesi kuelekea huku na huku. Michirizi hiyo ni alama ya nyota ambayo bado inanyonya gesi kutoka kwenye sinia linaloizunguka na kutema sehemu yake kupitia ncha zake mbili. Kitendo kile kile kinachoonekana jirani yetu kinatendeka pale, katika umaskini wa vumbi.

Ila kuna kitu kimoja kinachokwenda vibaya kwa nyota hizo, na huwa nakifikiria sana. Sayari hutokana na sinia la gesi na vumbi linaloizunguka nyota changa. Hapa jirani yetu masinia hayo hudumu miaka milioni tano au sita kabla ya kutoweka. Chikako Yasui na wenzake walipochunguza mafungu changa ya mawingu ya Digel, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2009, walikuta nyota nyingi zimeshapoteza masinia yao zikiwa na umri wa miaka milioni moja hivi. Pengine vumbi dogo linaiacha miale ya nyota iipenye gesi na kuipeperusha mapema. Sayari zinazotaka kujijenga huko zina muda mfupi sana wa kufanya hivyo. Kuzaa nyota kunawezekana ukingoni. Kuzaa dunia ni jambo gumu zaidi.

Kama una darubini ya macho mawili, hata ya kawaida, unaweza kumtazama shahidi wangu mwenyewe. Subiri usiku usio na mbalamwezi katikati ya Mei, saa nne usiku, mbali na taa za mji. Tafuta Spica, nyota nyeupe angavu iliyo juu kabisa. Kisha utafute Msalaba wa Kusini, na kando yake zile nyota mbili kali zinazouelekeza. Chukua ile iliyo karibu zaidi na Msalaba. Chora mstari kwa jicho kutoka Spica hadi kwenye nyota hiyo, usimame kabla ya kufika nusu ya njia, kiasi cha ngumi mbili za mkono ulionyooka kutoka Spica. Hapo utaona kijiwingu cha kijivu, hafifu, kile kile alichokiona Lacaille. Hicho ni kitovu tu. Nyota changa za ukingoni ziko nje yake, pande zote, hadi umbali wa upana mzima wa mwezi mpevu, mahali ambapo darubini yako itakuonyesha giza.